Patroba Mulongo na Reli ya Kwenda Kwao

Mchungaji, wazee wa kanisa, wazee wa ukoo mliotoka Bungoma kuja kumchukua mtoto wenu, majirani wa Buruburu na marafiki wa Eastleigh, wafanyakazi wenzake wa zamani, ndugu na jamaa, familia ya marehemu Patroba Mulongo Nalianya inawasalimu na kuwashukuru kwa kuacha shughuli zenu siku ya kazi ili mje mkae nasi. Historia hii imeandikwa na familia nzima, na anayewasomea ni shemeji wa marehemu, mdogo wa mke wake, kwa sababu mila za kwetu zinampa shemeji ruhusa ya kutania hata pale wengine wanapolia, na marehemu mwenyewe aliwahi kusema kwamba akisomewa historia bila hata kicheko kimoja atajua watu wamekosea jeneza.

Kabla ya kuanza, kuna jambo ambalo familia inajua linawakereketa. Kiti cha mbele, kile kilichotandikwa leso nyeupe, ndicho kiti cha mjane, na hakina mtu. Tangu asubuhi watu wanakitazama na kunong'onezana, na wazee wawili watatu wamekohoa kile kikohozi ambacho si cha mafua. Mjane mwenyewe, Mourine, haumwi, hajagombana na mtu, wala hajamkimbia mume wake. Alisafiri jana kwenda Bungoma, akatuachia marehemu mikononi mwetu, na kamati ya mazishi ilibishana sana juu ya jambo hilo, kwa sababu kwetu mjane haondoki ubavuni mwa mwili wa mumewe, mpaka mwishowe wazee wakakubali kwa sharti moja, kwamba sababu yake isomwe hapa mbele ya watu wote, asije akasemwa na wasiojua. Sababu hiyo haitoshei katika sentensi moja, kwa hivyo mtuvumilie tuanze mwanzo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1952, katika kijiji kilicho ng'ambo tu ya stesheni ya reli ya Bungoma, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Nalianya, aliyekuwa mkulima, na marehemu Mama Respah, aliyewauzia abiria ndizi mbivu na mayai ya kuchemsha kupitia madirisha ya treni. Alijifunza kutembea akishikilia kikapu cha ndizi, na kabla hajajua kusoma alikuwa anajua kwamba watu wa daraja la kwanza huuliza bei na watu wa daraja la tatu hununua. Watoto wenzake walipenda kichwa cha treni, moshi wake na mlio wake, lakini yeye, kama dada yake mkubwa alivyotusimulia, alipenda mabehewa ya abiria, kwa sababu kila dirisha lilikuwa na uso wa mtu, na kila mtu alikuwa anakwenda mahali ambapo mtu mwingine anamngoja. Treni ya mizigo ilipopita, aligeuka akaendelea kucheza.

Alianza shule ya msingi ya kijijini mwaka 1960 na kuimaliza mwaka 1966, kisha akajiunga na shule ya upili mjini Bungoma, ambako alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1970. Familia haitaongeza chumvi, hakuwa wa kwanza darasani wala hakuwa wa mwisho, alikuwa yule wa katikati ambaye walimu humsahau jina, isipokuwa mwalimu wa ufundi, aliyemruhusu kubaki karakanani baada ya masomo akikunja mabati na kutengeneza vibatari, ambavyo Mama Respah aliviuza pamoja na mayai. Elimu hiyo ya vibatari ndiyo iliyomlisha maisha yake yote.

Mwezi wa Januari 1972 alipanda treni ya kuja Nairobi akiwa na tikiti yake mwenyewe, ya daraja la tatu, na mama yake akampitishia ndizi dirishani kama mteja yeyote, ila hakumlipisha. Alianza kazi ya kibarua katika kiwanda cha mikebe huko Industrial Area, akaajiriwa rasmi mwaka 1974, akapandishwa kuwa msimamizi wa zamu mwaka 1989, na kustaafu tarehe 31 Agosti 2007. Owuor, waliyefanya kazi pamoja kwa muda mrefu na ambaye yupo hapa, anasema Mulongo alikuwa msimamizi pekee aliyemgombeza mtu kwa kuanza na habari za nyumbani, mama anaendeleaje, mahindi yameota, mtoto ameacha kukohoa, hata ikifika wakati wa kukemewa mtu mwenyewe alikuwa tayari ameshajikemea.

Tunawaomba mkumbuke jinsi safari za siku hizo zilivyokuwa, maana vijana wengi hapa hawakuziona. Kila Pasaka, kila Agosti na kila Desemba, Mulongo alipanda treni ya jioni, akalala ameketi, na asubuhi treni ilipopita Webuye alikuwa ameshasimama, kichwa nje ya dirisha, akitafuta kama mama yake yupo. Daima alikuwepo. Alikuwa mwanamume mzima mwenye masharubu na mshahara, lakini Mama Respah alimnyang'anya sanduku mbele ya watu na kulitia kichwani, na aliyemcheka alijibiwa neno moja ambalo ukoo wetu mzima unalijua, kwamba mzigo hushushwa, lakini mtu hupokewa.

Tarehe 10 Desemba 1977 marehemu alifunga ndoa takatifu na Mourine, binti aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, katika kanisa la mjini Bungoma, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Nalianya aliyezaliwa mwaka 1979, Nanjala aliyezaliwa mwaka 1982, na Mulama aliyezaliwa mwaka 1988. Katika miaka ya mwanzo Mourine alibaki nyumbani na mama mkwe wake, kama walivyofanya wake wengi wa watu wa Nairobi, kwa hivyo sasa waliomngoja Mulongo stesheni walikuwa wanawake wawili, wameketi kwenye benchi moja la mbao, mkwe akimfundisha mkaza mwana kwamba ukitaka kujua treni imekaribia usitazame reli, mtazame stesheni masta, akivaa kofia yake basi simama upange leso. Mourine anasema kwamba ndoa yake aliijua pale kwenye benchi kabla hajaijua nyumbani.

Mwezi wa Aprili 1984 habari zilimfikia marehemu kazini kwamba mama yake amezidiwa, akapanda treni ya jioni ya tarehe tano, na asubuhi ya tarehe sita ilipopita Webuye alisimama dirishani kama kawaida yake. Hakuona mtu. Mama Respah alikuwa amekata roho alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mourine, na katika kilio na mahangaiko ya asubuhi ile hakuna aliyekumbuka kutuma mtu stesheni. Mulongo alishuka peke yake, akaona benchi halina mtu, na hakuhitaji tena kuambiwa. Hakumlaumu mke wake siku hiyo wala siku nyingine yoyote, lakini Mourine ametuomba tuseme wazi kwamba hilo limemkaa moyoni miaka yote hii, kwamba alimpokea mumewe mara nyingi alipokuja kwa furaha, na siku ile moja aliyokuja kwa uchungu hakuwepo.

Mwaka uliofuata Mourine alipata uhamisho wa kufundisha Nairobi, na mwaka 1987 familia ikahamia Buruburu, awamu ya tatu, katika nyumba ambayo wengi wenu mmelala matanga kwenye uwanja wake wiki hii. Baadaye treni ya abiria ya kwenda kwetu ilisimamishwa, watu wakahamia mabasi, na marehemu akahamia nao bila furaha, akilalamika kwamba basi halimruhusu mtu mzima kutoa kichwa nje akatafuta watu wake. Watoto walisoma, wakakua, wakaondoka mmoja mmoja, na baada ya kustaafu wazee wetu wawili wakajikuta na kile chumba cha nyuma, walichokiongeza kama walivyofanya majirani wote wa Buruburu, ambacho Mourine alikuwa amekipangia mpangaji.

Mpangaji huyo hakuwahi kuingia. Mwezi wa Machi 2009 marehemu alikwenda Gikomba kutafuta koti la mitumba, akarudi bila koti, amebeba kichwa cha treni cha kuchezea kilichokuwa kimetupwa katikati ya wanasesere wasio na mikono, na mabehewa mawili ya abiria yenye madirisha. Alikifungua kwenye meza ya kulia chakula, akakisafisha kwa mafuta ya taa, akakiunga nyaya, na kilipotembea kutoka kwenye kopo la sukari mpaka kwenye chupa ya chai, Mourine alicheka mpaka akaketi chini. Kama angejua yatakayofuata labda asingecheka sana. Mpangaji alipoletwa kuona chumba, alikuta ukuta mmoja umefunikwa na milima ya magazeti na uji wa ngano ambayo haijakauka, na mwenye nyumba yuko chini ya meza, naye akamwambia kwa upole kwamba chumba kimechukuliwa na Bonde la Ufa.

Ndivyo ilivyoanza ile ambayo mtaa mzima uliita Stesheni. Reli ilihitajika, na marehemu alizunguka Eastleigh duka kwa duka mpaka akafika kwa Wehliye Keynan, anayeuza vifaa vya umeme na kuagiza bidhaa Dubai, na alipomweleza anachotaka Wehliye alimuuliza, "Hii ni ya mjukuu, mzee?" naye akajibu, "Ni yangu, lakini mjukuu akitaka tutaongea." Wehliye anasema mteja mkweli namna hiyo hawezi kumwachia jirani yake, akamletea reli, na siku aliyokuja kuona zinatumiwaje alikaa mpaka wakati wa sala ukamkuta pale, akatandikiwa mkeka kati ya Limuru na Naivasha. Tangu siku hiyo Jumapili alasiri zilikuwa zao, Mulongo akitoka kanisani na Wehliye akitoka dukani, na Qamar, mke wa Wehliye, akija na birika la chai ya maziwa yenye iliki, akiwacheka wote wawili huku akiwashonea mapazia ya mabehewa kwa vipande vya nguo.

Reli hiyo ilitoka Nairobi, ikapanda Limuru, ikateremka hadi Naivasha, ambako ziwa lilikuwa kioo cha kunyolea, ikapita Nakuru, ikapumua kwa taabu kupanda Timboroa, ikashuka Eldoret na Turbo, na kufika Webuye. Mabehewa aliyaongeza mwenyewe kwa mabati ya mikebe, akayatilia taa ndogo ndani, na la chakula likawa na meza zenye vitambaa. Hakutengeneza hata behewa moja la mizigo, na alipoulizwa na Owuor alisema gunia la saruji halina kwao, utalipeleka wapi likufurahie. Abiria aliwachonga kwa njiti za kiberiti, na hawakuwa abiria tu, maana aliyeingia chumbani kwa mara ya kwanza alipewa kiti, na wiki iliyofuata alijikuta amekaa dirishani na nguo zake alizokuja nazo. Wacera, jirani wa mkabala, yumo akienda Naivasha, kwa sababu alisema hajawahi kufika. Wengi wenu mnaonisikia mmo ndani ya treni hiyo, na Mchungaji pia yumo, aliwekwa daraja la tatu, na urefu wa mahubiri yake ndio uliompeleka huko.

Watoto wa mtaa waliotoka shule walipitia dirishani kila jioni wakaita, "Niaje mzae, leo inaishia wapi?" naye akajibu, "Webuye." Wakauliza, "Na ushago kwenu je?" naye akasema reli imeisha. Haikuwa kweli, na waliokuwa wakiingia chumbani waliona kwamba haikuwa kweli. Baada ya Webuye ubao uliendelea, mtupu, mpaka pembeni karibu na dirisha, mahali panapotosha kabisa stesheni moja, na mbele ya mahali hapo aliweka kisanduku cha kiberiti kuizuia treni isipite. Mwanawe Nalianya alijitolea kummalizia kazi hiyo kwa siku moja, akakataliwa. Wehliye alileta reli za ziada bila kuagizwa, akazikuta mwaka mzima baadaye bado zimefungwa. Mourine peke yake hakuuliza, kwa sababu alijua, na kila Jumamosi alipopangusa vumbi katika chumba kile alipangusa hata ule ubao mtupu, kwa uangalifu uleule, kisha akakirudisha kisanduku cha kiberiti mahali pake.

Kitu kingine ambacho wengi hatukukiona, mpaka Mourine alipotuonyesha majuzi, ni kwamba kwenye stesheni zote za marehemu hapakuwa na mtu hata mmoja jukwaani. Mabehewa yalijaa watu, wenye vikapu na watoto na kofia, na nje kulikuwa kutupu kuanzia Nairobi hadi Webuye. Aliweza kuwachonga watu wakisafiri, lakini hakuweza kuwachonga wakingoja.

Mwezi wa Juni 2023 mikono ya marehemu ilianza kutetemeka, madaktari wakagundua kuwa ni maradhi ya Parkinson, na polepole vitu alivyovipenda vikaanza kumtoka vidoleni, kwanza njiti za kiberiti, kisha nyaya, kisha kikombe. Alivumilia kwa ucheshi, akasema sasa anaweza kuchanganya uji bila mwiko, lakini mwezi wa Agosti mwaka jana, baada ya kutoka hospitalini mara ya pili, aliomba apelekwe Stesheni, akaketi mbele ya ule ubao mtupu, akamwambia mke wake, "Mama Nalianya, nataka kufika nyumbani, na mikono yangu imekataa." Mourine akamjibu, "Baba Nalianya, ya kwangu ipo."

Ndivyo mwalimu mstaafu mwenye miaka yake zaidi ya sabini alivyoingia kazi ya reli. Wehliye alifungua zile reli zilizokaa, akazilaza akiwa amepiga magoti na kulalamikia magoti hayo kwa Kisomali, Qamar akakata nyasi za sponji, na jengo lenyewe la stesheni ya Bungoma Mourine alilijenga kwa mkono wake kwa bati la mkebe wa biskuti, kila asubuhi kidogo kidogo, marehemu akiwa kitandani hajui linafananaje. Marehemu alipoletwa kulitazama, Nalianya alikuwa wa kwanza kushika kichwa. Mourine alikuwa ameketi siku zote upande wa dirisha, akalijenga jengo likimtazama yeye, na kwa hivyo stesheni nzima ilikuwa imekaa upande usio wake, kushoto kumekuwa kulia, na abiria anayeshuka angeshukia kwenye majani. Nalianya akataka kuibandua, akasema ni kazi ya saa moja tu, baba hataki vitu vya kubahatisha.

Marehemu alimkataza. Alikuwa ameona kitu ambacho sisi hatukukiona haraka, nacho ni benchi dogo la mbao mbele ya jengo, na juu yake wanawake wawili wa njiti za kiberiti, mmoja amejifunga leso kichwani na kikapu miguuni, mwingine mwembamba ameketi karibu naye, wote wamegeuza nyuso kuelekea Webuye. Akasema, "Wacheni vile iko. Mimi nilikuwa naiona hii stesheni nikiwa kwa treni. Yeye ndiye alikuwa anangoja, anajua alikuwa anaangalia wapi." Na huyo Mourine aliyevumilia mambo makubwa bila chozi alitoka nje akasimama kwenye kamba ya nguo, na Qamar akamfuata, na tulipowachungulia walikuwa wameshikana mikono wanaangalia nguo zikikauka.

Jumapili ya tarehe 9 Novemba 2025, majirani wakiwa wamejaa chumbani mpaka mlangoni, treni ya abiria iliondoka Nairobi na taa zote zikiwaka, ikapita ziwa, ikapanda Timboroa, ikafika Webuye, na kisanduku cha kiberiti kikiwa kimeondolewa ikaingia kwenye reli mpya, na hapo, kama ilivyo desturi ya umeme wa mtaa wetu, stima zikapotea. Treni ikasimama katikati ya Webuye na Bungoma, giza madirishani. Watu waliguna, Wehliye akainua simu kumulika, na marehemu akacheka sana, akasema hata ile ya ukweli ilikuwa ikisimama hapohapo. Kisha Mourine akanyoosha mkono, akaweka kidole nyuma ya behewa la mwisho, akaisukuma taratibu mpaka mbele ya benchi. Ndivyo Patroba Mulongo alivyofika kwao, bila umeme, kwa kidole cha mke wake, na wanawake wawili wakimtazama.

Jioni hiyo, watu walipokwisha kutawanyika, alimwomba Mourine jambo moja mbele ya watoto wao watatu na Wehliye na Qamar. Alisema siku yake ikifika wamsindikize watu wengine, wako wengi, lakini Mourine asipande gari moja na jeneza, atangulie. "Usinilete," alimwambia, "unipokee." Mourine alimfunga vizuri shuka la magoti, na wote waliokuwepo walijua kwamba amekubali.

Marehemu aliendelea kuketi Stesheni kila alasiri mpaka wiki ya Krismasi, alipopata homa ya mapafu, akalazwa, na licha ya juhudi za madaktari akaaga dunia asubuhi ya Jumamosi tarehe 17 Januari 2026, mke wake akimshika mkono, kama alivyomshika Mama Respah. Amemwacha mjane, Mwalimu Mourine, watoto watatu, wajukuu saba, dada yake mkubwa, na treni moja ya abiria ambayo wajukuu wamekubaliana, baada ya vita vichache, kwamba haitahamishwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza tangu mikono ilipoanza kutetemeka, hasa wale wauguzi wa wodi waliokubali behewa la chakula likae juu ya kabati lake na wakaomba kuchongwa, na Mourine anasema deni hilo atalilipa yeye. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha mikebe, wakiongozwa na Owuor, majirani wa Buruburu mliopika, mkaimba na kulala nasi nje, Wacera aliyefungua nyumba yake kwa wageni tusiowajua hata sisi, kanisa na Mchungaji, ambaye tunamwahidi kufikiriwa upya kuhusu daraja. Wehliye, ndugu yetu, reli zako zilifika. Qamar hatuwezi kumshukuru hapa kwa sababu naye hayupo, alikataa Mourine asafiri peke yake, akafunga duka akaenda naye.

Na sasa, wazee wetu, sababu mmeisikia. Baada ya ibada hii marehemu ataondoka kwa barabara, kupitia Limuru na Naivasha na Nakuru, stesheni zake zote, na kesho asubuhi kabla ya kuingia kijijini gari litakata kona kwenda kwenye stesheni ya zamani ya Bungoma na kusimama kidogo. Benchi la mbao halipo tena, tumeuliza, kwa hivyo Mourine amebeba kigoda kutoka jikoni kwake Buruburu. Amejifunga leso ya Mama Respah, ile aliyoachiwa, na gari likifika atakuwa ameketi upande uleule aliokuwa akiketi, anaangalia Webuye. Hatumpelekei mzigo wa kushushwa, tunampelekea mtu wake ampokee, na safari hii atakuwepo.

Pumzika kwa amani, Patroba Mulongo, shemeji yetu, lala safari nzima, usihangaike kuamka Webuye ukatoe kichwa dirishani. Yupo.